Sanduku la Fundi: Injini ya mafuta itoke, mota isiyo na brashi iingie

Barua za mwezi huu zimenishangaza, kwa kuwa nilidhani magari ya kuongozwa kwa rimoti ni mapenzi ya watu wachache hapa Goma tunaokutana Jumapili juu ya mawe ya lava, watoto wakituzunguka na waendesha chukudu, vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili, wakisimama kidogo kututazama. Kumbe Bukavu na Lubumbashi nako wako wanaohangaika na jambo lile lile. Nimechagua barua nne, zote zikihusu namna ya kulihamishia lori dogo la njia mbaya kwenye nguvu ya umeme. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inagusa kazi yote tangu mwanzo. Wale wengine watatu waisome hiyo kabla ya kusoma majibu yao.

SWALI: Papa Fundi, jambo. Mjomba wangu anayeishi Brussels alinipatia lori la rimoti la kipimo cha 1/8 (moja ya nane ya gari halisi), lenye injini ya sentimita za ujazo 3.5 inayotumia mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili. Galoni moja niliyoletewa kwa njia ya barabara imekwisha, na ndege haziruhusu abiria kuyabeba mafuta hayo. Nataka kuondoa injini na kutia mota ya umeme isiyo na brashi. Rafiki yangu ananishauri nianze kwa kununua mota yenye nguvu kuliko zote, pamoja na betri ya seli sita. Nianzie wapi, na ni vitu gani vya zamani nitabaki navyo? (Msomaji wa Himbi, Goma)

JIBU: Ndugu yangu wa Himbi, rafiki yako anakupeleka kwenye hasara. Geuza mpangilio wake: chagua kwanza betri ambayo utaweza kuipata na kuichaji hapa mjini, kisha fanya hesabu ya gia, na mota iwe kitu cha mwisho kununuliwa. Nayasema haya kwa sababu lori langu la kwanza nililibadilisha kwa kufuata ukubwa wa namba iliyoandikwa kwenye ganda la mota, nikafunga na pinioni (gia ndogo ya kwenye mhimili wa mota) kubwa iliyokuja nayo katika pakiti moja, na kabla ya dakika tano kwisha vanishi inayohami nyaya za ndani ilikuwa imeungua na kunuka uwanja mzima. Mota yenyewe ilikuwa nzima ilipotoka dukani. Aliyekosea hesabu ni mimi.

Uamuzi wako wa kuachana na injini ni mzuri, hata kama mafuta yangepatikana. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 84 tu ya ule wa pwani, kwa hiyo injini inayopumua hewa hiyo nyepesi hupoteza sehemu ya nguvu zake inayokaribia pengo hilo, na kabureta yake hudai kurekebishwa upya. Mota ya umeme haipumui, basi haipotezi kitu. Hata hivyo hewa hiyo hiyo nyepesi huipoza kwa shida zaidi, jambo ambalo nitalirudia hapo mbele.

Kwa wasioijua, mota ya kawaida ina nyaya za shaba zinazozunguka katikati ya sumaku zilizotulia, na umeme huzifikia nyaya hizo kupitia vipande vya kaboni vinavyosuguana na komuteta, yaani pete ya shaba iliyo kwenye mhimili. Vipande hivyo ndivyo brashi, ambavyo mafundi wetu wengi huviita kwa Kifaransa charbons. Katika mota isiyo na brashi mambo yamepinduliwa: nyaya zimetulia zikishikamana na ganda, sumaku ndizo zinazozunguka pamoja na mhimili, na kazi ya kuupokezanisha umeme kati ya makundi matatu ya nyaya imeachiwa kidhibiti mwendo cha kielektroniki. Hakuna kinachosuguana humo isipokuwa beringi mbili, na kwa sababu hiyo joto na uchakavu wa brashi havipo.

Sasa betri. Seli moja ya lithiamu polima ina volti 3.7 kwa wastani na volti 4.2 ikijaa. Seli nne zilizofuatana hutoa volti 14.8, na zikiwa na uwezo wa ampea-saa 5, nishati iliyomo ni 14.8 mara 5, yaani wati-saa 74. Namba hii ya mwisho ndiyo itakayoamua safari ya mjomba wako, maana kanuni za usafiri wa anga huruhusu abiria kubeba betri ya akiba ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 katika mkoba wa mkononi, na kamwe si katika sanduku linaloingizwa tumboni mwa ndege. Kati ya wati-saa 100 na 160 shirika la ndege lazima litoe kibali kwanza, na inayozidi 160 abiria hawezi kusafiri nayo. Betri ya seli sita yenye ampea-saa 5 ina wati-saa 111: tayari imeshaingia kwenye kundi la vibali, na mjomba wako atabishaniwa uwanjani kabla hajafika hata nusu ya njia. Ya seli nne itapita, mradi ncha zake zimefunikwa kwa plastiki na chaji yake si kamili. Kuhusu ile namba ya C inayopigiwa kelele kwenye makaratasi ya betri, ampea-saa 5 zikizidishwa kwa 50C zingetoa ampea 250 mfululizo; namba hizo mara nyingi zimekuzwa, na mimi huzigawa kwa mbili kabla ya kuziamini.

Baada ya betri, chukua kalamu. Hesabu meno ya gia kubwa iliyo juu ya difu ya katikati (difu ni gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu), kisha fungua difu ya nyuma uhesabu meno ya gia zake mbili. Tuseme gia kubwa ina meno 46, pinioni utakayoifunga ina 13, na ndani ya difu kuna 43 kwa 10. Ukigawa 46 kwa 13 unapata 3.54, na ukizidisha kwa 4.3 unapata kama 15.2, yaani mota huzunguka mara 15.2 ili gurudumu lizunguke mara moja. Herufi Kv kwenye mota hazihusiani na kilovolti. Maana yake ni mizunguko ya mota kwa dakika kwa kila volti, ikiwa haijabebeshwa mzigo. Mota ya Kv 1,900 kwa volti 14.8 huzunguka mara 28,120 kwa dakika. Gawa kwa 15.2, gurudumu linazunguka kama mara 1,850. Gurudumu la kipenyo cha milimita 150 hutembea sentimita 47 kila mzunguko, nawe unaweza kulithibitisha hilo kwa kamba. Matokeo ni takriban kilomita 52 kwa saa, nayo hupungua lori likikutana na ardhi yenyewe. Mota hiyo hiyo kwa seli sita ingekupa kilomita 78 kwa saa katika karatasi. Katika uwanja wenye mawe makubwa kama ngumi, sijaona mtu aliyezitumia hata 40 kwa zaidi ya sekunde chache, kwa hiyo nguvu ya ziada ungeilipia kwa shafti zilizovunjika.

Ndipo sasa tunaifikia mota. Kwa lori lenye uzito kama la kwako, tafuta yenye kipenyo cha milimita 42 na urefu wa milimita 74, ncha nne za sumaku, mhimili wa milimita 5, na Kv isiyozidi 2,000, ikiendeshwa na kidhibiti cha ampea 150 chenye feni. Hapa Goma naongeza sharti moja ambalo hutalikuta katika maelezo ya wauzaji: ganda la mota liwe limezibwa pande zote. Chukua sumaku yoyote, ya spika mbovu kwa mfano, uiburute kwenye mchanga mweusi wa kando ya barabara, nawe utaiona ikitoka na ndevu, kwa sababu mchanga wa volkano una chembe za madini ya chuma. Mota yenye matundu ya hewa huzinyonya chembe hizo, sumaku zake huzing'ang'ania, na nafasi nyembamba iliyopo kati ya sumaku na nyaya hugeuka kuwa msasa. Lava ya volkano ya Nyiragongo iliyotiririka mjini Januari 2002 na ile ya Mei 2021 imetuachia uwanja mzuri kuliko wote wa kuchezea malori haya, lakini uwanja huo unaitafuna mota iliyo wazi.

Kuhusu vitakavyotoka na vitakavyobaki: itaondoka injini pamoja na klachi, tangi, bomba la moshi, kichujio cha hewa, sevo (mota ndogo inayovuta fimbo) ya mafuta na breki, fimbo zake, diski za breki, na ile betri ndogo iliyokuwa ikilisha kipokezi cha mawimbi ya rimoti. Breki sasa itafanywa na mota yenyewe kwa amri ya kidhibiti, ikipitia difu ya katikati. Zitabaki difu zote tatu, shafti, shokomzoba, sevo ya usukani, kipokezi, na gia kubwa ya chuma. Usidanganywe kuinunua nyingine ya plastiki. Hakikisha tu pinioni ina meno ya saizi ile ile. Pima kipenyo cha nje cha gia kubwa: ikiwa ina meno 46 na kipenyo ni milimita 48, gia hiyo ni ya moduli 1 (moduli ni kipimo cha ukubwa wa jino), kwa kuwa kipenyo cha nje ni moduli mara idadi ya meno ukiongeza mawili. Pinioni iwe ya chuma kilichokomazwa, moduli 1, tundu la milimita 5.

Kishikizo cha mota ndicho kitu kitakachokula muda wako, nami nakusihi usikiharakishe. Seti zilizo tayari zipo kwa aina fulani za malori, lakini kwa lori lisilo na seti nenda kwa fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma, akuchongee kipande cha alumini chenye unene wa milimita 6 hivi, chenye matundu marefu yanayoruhusu mota kusogezwa mbele na nyuma ili uweze kubadilisha pinioni siku nyingine. Alumini hiyo nene inazuia mota isiyumbe pale umeme unapoingia kwa ghafla, na inaliondoa joto kutoka kwenye uso wa mota kulipeleka kwenye chasisi, ambayo kwenye lori lako ni bati kubwa la alumini linalopigwa na upepo. Unapoikutanisha pinioni na gia kubwa, weka ukanda wa karatasi ya daftari katikati ya meno, ikaze mota, kisha uitoe karatasi kwa kuzungusha gurudumu. Ikitoka imekunjamana bila kukatika, nafasi inatosha. Skrubu ya pinioni ikae juu ya sehemu bapa ya mhimili, na itiwe gundi ya skrubu ya buluu. Betri, yenye uzito wa karibu nusu kilo, ikae upande lilipokuwa tangi, chini kabisa, na ifungwe kwa mikanda miwili. Mmoja huachia siku lori linapobinuka.

Waya mnene kutoka kidhibiti hadi betri uulehemu kwa kifaa chenye wati 60 au zaidi, kwa kuwa kifaa kidogo cha kutengenezea redio huacha kiungo baridi ambacho kwa nje kinang'aa na kwa ndani hakijashika. Waya mwembamba wa kidhibiti uingie kwenye njia ya pili ya kipokezi, pale ilipokuwa sevo ya mafuta. Kidhibiti chenyewe hulisha kipokezi na sevo ya usukani, kwa hiyo ile betri ndogo ya zamani isiunganishwe tena pamoja nacho. Ukichomeka betri kubwa utasikia mlio na kuona cheche. Hizo ni kapasita zinazojaa, zisikutishe. Fundisha kidhibiti mahali pa kutulia, mwendo wa juu na breki, kisha weka ulinzi wa kipokezi ili mawimbi yakipotea lori lisimame, maana lori la kilo nne likimkimbilia mtoto halitasimama lenyewe.

Mwishowe, punguza ukali wa kuondoka kwenye mpangilio wa kidhibiti. Injini ilikuwa ikiingiza nguvu taratibu kupitia klachi. Mota huitoa yote tangu mzunguko wa kwanza, na difu ya katikati iliyojazwa oili nyepesi itaipeleka nguvu hiyo kwenye magurudumu ya mbele yaliyonyanyuka hewani. Oili nzito zaidi, ya silikoni ya namba 10,000 mahali pa 5,000, husaidia sana. Safari ya kwanza iwe ya dakika tatu, kisha pima joto. Vile vipimajoto vya bastola tulivyoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, havifai, kwa kuwa vingi vyao husoma joto la mwili tu. Kinachohitajika ni kile cha viwandani. Usipokipata, tumia kidole: ukishindwa kukiacha juu ya ganda kwa sekunde tano, umeshapita nyuzi 60. Mota ikikaribia nyuzi 80, simama, punguza jino moja au mawili ya pinioni, uanze upya. Zaidi ya hapo sumaku za kawaida za neodimi huanza kudhoofika, na nguvu iliyopotea hairudi mota ikipoa.

SWALI: Ndugu Fundi, nina lori la kipimo cha 1/10 lenye mota ya brashi ya saizi ya 540 na betri ya nikeli ya volti 7.2. Kwetu Kadutu hakuna mahali tambarare, na furaha yangu ni kulipandisha kilimani polepole kati ya mawe, hata wakati wa mvua. Je, nitie mota isiyo na brashi, na naweza kubaki na kidhibiti nilichonacho? (Msomaji wa Bukavu)

JIBU: Kidhibiti chako hakitafaa kwa namna yoyote, kwa kuwa kinatoa nyaya mbili na mota hiyo inataka tatu, zenye umeme unaopokezana kwa mpangilio maalumu. Lakini swali lako la kwanza ndilo zito, na jibu langu huenda lisikupendeze: kwa mchezo wako, bakia na brashi. Kidhibiti cha bei nafuu hutambua mahali sumaku zilipo kwa kusikiliza umeme mdogo ambao mota huuzalisha inapozunguka. Ikiwa imesimama, hakuna umeme huo, kwa hiyo kidhibiti kinabahatisha, na lori hutetemeka na kusitasita kabla halijaondoka. Kwa anayekimbia kwenye uwanja wa wazi hilo ni jambo la nusu sekunde. Kwa wewe uliye katikati ya jiwe na jiwe, gurudumu likining'inia juu ya mtaro wa Kadutu, nusu sekunde hiyo inatosha kukurudisha chini. Mota ya brashi yenye mizunguko mingi ya waya, kama 35 au 45, ni ya bei ndogo, huvuta kwa utulivu tangu mwanzo, na brashi zake zikiisha unaibadilisha yote.

Ikiwa moyo umeshakwenda kwenye isiyo na brashi, basi nunua yenye sensa, pamoja na kidhibiti kinachozisoma. Ndani yake mna sensa tatu zinazotoa habari ya mahali sumaku zilipo hata zikiwa zimetulia. Saizi ya 540 itaingia palepale, kwa kuwa kipenyo ni milimita 36, matundu ya skrubu yameachana milimita 25, na mhimili ni wa milimita 3.17. Chagua mizunguko 17.5 au 21.5, kadiri mizunguko ya waya inavyopungua ndivyo Kv inavyopanda, nawe hutafuti mbio. Angalia jambo moja: mota isiyo na sensa ikizunguka kinyume, unabadilishana nyaya mbili zozote kati ya tatu na mambo yamekwisha, lakini yenye sensa lazima A ikutane na A, B na B, C na C, na mwelekeo ugeuzwe ndani ya mpangilio wa kidhibiti. Betri yako ya nikeli inaweza kuendelea kutumika. Siku utakapohamia lithiamu ya seli mbili, washa kwanza ulinzi wa volti ya chini, ama sivyo utaiua betri mpya kwa safari moja. Kuhusu mvua, maji yenyewe hayaidhuru mota ya aina hii haraka. Yanachokula ni beringi, na tone la oili jepesi jioni ile ile ndilo dawa yake.

SWALI: Papa Fundi, mwanangu wa miaka 16 amebadilisha lori lake na sasa ana betri mbili za lithiamu. Huzichaji usiku umeme unaporudi, chini ya kitanda, naye amelala. Nyumba yetu ni ya mbao. Betri moja imevimba kidogo upande mmoja, lakini anasema inafanya kazi. Je, niogope? (Mama wa Majengo, Goma)

JIBU: Ndiyo, Mama, uogope, na leo hii hii betri iliyovimba itoke ndani ya nyumba. Uvimbe huo ni gesi iliyotokana na kemikali za ndani kuharibika, na kufanya kazi kwake hakumaanishi kwamba iko salama. Asiitoboe, asiibane, asiichaji tena. Aipeleke nje juu ya jiwe lisilo karibu na ukuta wala kamba ya nguo, aiunganishe na balbu mbili za gari za volti 12 zilizofuatana mpaka zizimike kabisa na kubaki hivyo siku nzima, kisha akate nyaya moja baada ya nyingine na kuzifunika ncha. Akikata zote mbili kwa pamoja, mkasi utaunganisha chanya na hasi.

Ile iliyo nzima haina budi kuhamia ratiba nyingine. Betri ya lithiamu inayoungua haizimwi kwa kuipulizia wala kwa kuitupia blanketi, moshi wake una sumu, na katika nyumba ya mbao dakika mbili ni nyingi. Achaji mchana, akiwa macho, akiwa pale pale. Betri ikae ndani ya chungu au sufuria nzee iliyowekwa juu ya jiwe, na pembeni pawe na ndoo ya mchanga mkavu, ambao kwa bahati nzuri Majengo haununuliwi. Chaja iwe ile inayosawazisha seli moja moja kupitia waya mdogo mweupe, na asiiweke zaidi ya ampea 5 kwa betri ya ampea-saa 5.

Atakwambia kwamba mchana umeme haupo. Basi mwambie nimepiga hesabu, nikichukulia betri ya seli nne: ampea 5 kwa volti 16.8 ni wati 84, na ukijumlisha zinazopotea ndani ya chaja unakaribia wati 100. Chaja nyingi za aina hii hukubali volti 12 moja kwa moja, kwa hiyo betri ya sola ya jirani itatoa kama ampea 8 kwa saa moja na dakika chache. Akipunguza hadi ampea 2 itachukua saa tatu kasoro, na jirani hatalalamika. Betri isiyotumika kwa wiki nzima asiiache imejaa wala tupu, volti 3.8 kwa kila seli ndicho kiwango cha kuihifadhi, na mahali pake ni sanduku la chuma nje ya chumba cha kulala.

SWALI: Mwalimu, nasoma umeme hapa Lubumbashi. Nimekusanya seli ishirini za kompyuta za mkononi, zile za mviringo za 18650, nikazilehemu nne kwa tano kuwa volti 14.8. Lori langu la kipimo cha 1/8, lenye mota isiyo na brashi, linaondoka kidogo kisha linazima. Kidhibiti ni kibovu? (Kijana wa Katuba)

JIBU: Kidhibiti chako kinafanya kazi yake vizuri sana, mwanangu, kinaona volti imeanguka na kinakata. Seli ya kompyuta yenye ampea-saa 2.2 hadi 2.6 imetengenezwa kutoa ampea tano hivi, si zaidi. Tano sambamba zitatoa 25, wakati lori lako linapoondoka hudai kwa kitambo kidogo zaidi ya ampea 100. Kila seli inalazimishwa kutoa 20, na seli iliyozeeka yenye ukinzani wa ndani wa miliomu 80 hupoteza volti 1.6 kwa mkondo huo. Zidisha kwa nne: kati ya volti 14.8 zinabaki kama 8. Kwa kuwa unasoma umeme, pima mwenyewe kwa voltimita lori likiwa limezuiliwa kwa mguu, kwa sekunde moja tu, kabla seli hazijapata joto.

Zipo seli za umbo lile lile zitolewazo kwenye betri za drili na misumeno, ambazo moja hutoa ampea 20 au zaidi. Za aina hiyo, nne kwa tatu, zitatoa ampea 60, na hizo zinatosha lori la kipimo cha 1/10; lako bado litataka lithiamu polima. Tena usizilehemu kwa risasi, kwa kuwa joto la kifaa huharibu kizibo cha ndani kilicho upande wa chanya. Ziunganishwe kwa vibati vya nikeli na mashine ya kuchomelea nukta. Inaniuma kidogo kumwambia kijana wa Katanga atafute betri kutoka nje, ilhali shaba ya nyaya za mota na kobalti ya ndani ya seli vimejaa ardhini kwenu, lakini kiwanda cha kuzitengeneza seli hizo nacho ni kitu kingine.

Ule mkusanyiko wa seli ishirini usiuvunje. Utie kadi ya ulinzi ya seli nne, weka fyuzi ya ampea 15, nawe utakuwa na kitu cha kuwashia taa za chumbani jioni nyingi umeme ukikatika, na cha kuchajia betri ya lori ukiwa uwanjani.